Lete, Weka, Ngoja

Jumamosi, saa nne, nimetoka zamu ya usiku,
mikono ingali na sabuni ya wazee wasio wangu.
Nashuka kwenye basi Melton Road, Leicester,
theluji imeshageuka tope la kijivu,
na kengele ya mlango inalia
kabla sijausukuma vizuri.

Kwanza harufu.
Bizari, ubani, kadibodi iliyoloa,
na chini yake, kama mgeni asiyebisha hodi,
dagaa.
Miwani inashika ukungu. Nasimama kipofu
kati ya magunia ya mchele na ndoo za samli,
nangoja dunia irudi.

Inarudi vipande vipande:
bamia za Kenya zilizopanda ndege
mwezi ule ule nilipokosa nauli ya kwenda kuzika;
mhogo wa barafu, umeshamenywa, hauna hata udongo wa kuuosha;
nazi, kila moja naitikisa sikioni
kama mtu mwenye simu mbovu.
Haloo? Haloo?
Maji yapo. Nachukua hii.

Unga wa sembe uko rafu ya chini kabisa,
huupati mpaka upige magoti.

Mwenye duka ni Hansaben.
Sweta juu ya sari, soksi ndani ya kandambili.
Aliondoka Kisumu mwaka wa sitini na nane, msichana wa miaka tisa,
na Kiswahili kisichojaa kiganja.
“Lete hapa,” ananiambia. “Weka. Ngoja.
Hapana shika-shika nyanya.”
Kiswahili chake chote ni amri.
Hakina tafadhali, hakina pole,
hakina wakati ujao.

Siku ya kwanza damu ilinipanda.
Mama yangu aliosha sahani miaka kumi na mmoja
Barabara ya Tisa, Tanga,
kwa watu waliosema naye hivi hivi, lete, weka, ngoja.
Akirudi jioni, kutaka tu kupita mlangoni,
alituambia sisi watoto, “Naomba mnipishe, wanangu,”
kana kwamba adabu yote aliyonyimwa mchana
aliifunga kwenye upindo wa kanga, aje atugawie.
Nililipa, nikatoka bila kuaga.
Nikaapa: humu sitii mguu tena.

Kiapo kilidumu wiki mbili.
Kwenye supamaketi kubwa nazi imevikwa plastiki
na karatasi ya maelekezo namna ya kuivunja.

Leo mjukuu wake kabanwa kidole na droo ya pesa.
Kilio, foleni nzima inageuka.
Hansaben anambeba, anambembeleza Kigujarati: wapi.
Kiingereza: ndio kwanza anapandisha sauti.
Kisha, sijui kutoka shimo gani la miaka,
polepole, kwa lafudhi isiyo na kasoro:
“Usilie, toto. Usilie. Mama anakuja na chai.”
Mtoto akanyamaza. Nami nikanyamaza,
ingawa sikuwa nikisema kitu.

“Awino,” akaniambia, hakuniangalia.
“Yaya yangu. Kila siku alisema hivyo.
Mama hakuja na chai, hata siku moja.
Chai alileta Awino.”

Nilitaka kuuliza Awino alibaki wapi,
watoto wake walinyamazishwa na nani.
Nyuma yangu mtu akakohoa.
Hansaben akamketisha mjukuu juu ya gunia la choroko,
akafuta mikono kwenye sweta.
“Weka,” akasema.

Nikaweka. Mchicha, sembe, nazi.
“Naomba mfuko,” nikamwambia.
Akasita.
“Naomba,” akarudia, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.
Akalirudia tena, chini chini.
Halafu akanyoosha mkono:
“Naomba peni kumi.”

Nikampa.
Mfuko ulichanika kabla sijafika kituoni,
nazi ikabingirika kwenye tope la theluji
hadi miguuni mwa bwana mmoja mwenye mbwa.
Akaiokota, akaitazama,
na kabla ya kunirudishia,
akaipeleka sikioni, akaitikisa.