Taa za Ngarenaro

Umeme ulikatika usiku wa kwanza wa zile nane,
ndiyo maana niliona.
Siku nyingine dirisha ni dirisha tu.

Cherehani yangu ni ya miguu, haiombi umeme.
Nilikuwa napinda suruali ya mwanafunzi wa Sekei
mshumaa umesimama kwenye kifuniko cha dawa ya viatu.
Kulia, kwa Yokebedi, taa moja ya mafuta.
Kushoto, kwa Hanania kaka yake, taa nane.
Baba mmoja, mama mmoja, kichochoro kimoja katikati,
na fuawe moja ambayo marehemu hakusema ni ya nani.

Marehemu Mzee Zekaria, mfua fedha,
ndiye aliyenisimulia walimu wake wa kale.
Mimi nilidhani walikuwa watu wa mikono laini.
"We Ndeanasia! Mmoja alichanja kuni.
Mmoja alichoma mkaa, kuta zake nyeusi kama chungu.
Mmoja alishona viatu.
Na Shamai, yule mkali, alishika kipimo cha mjenzi,
akamfukuzia nacho mgeni mwenye maswali ya dhihaka."
Nikaishika futi iliyoning'inia shingoni.
Nami nimewahi kumfukuza mteja.
"Mgeni akaenda wapi?"
"Kwa Hileli. Hileli hakuwa na haraka."

Nyumba mbili, alisema, nyumba ya huyu na ya yule,
zilibishana mpaka kuhusu taa.
Hawa: anza na nane, punguza,
kama siku zenyewe zinavyopungua.
Wale: anza na moja, ongeza,
kwani kitu kitakatifu hupandishwa, hakishushwi.
Wale wa moja wakashinda.
Lakini
(hapa aliweka nyundo chini)
neno la walioshindwa halikufutwa.
Washindi wenyewe walilifundisha watoto,
tena walilitanguliza kabla ya lao.
Na vyungu waliazimana. Na mabinti waliozana.

Nikamuuliza, neno lililoshindwa la nini?
Akatazama gunia langu pembeni.
"Wewe vipande unavyokata, unatupa?"

Baba akiwa hai Hanania hakuwahi kuanza na nane.
Ni mwaka huu tu, tangu matanga.
Ubishi, anasema Yokebedi.
Yeye anasema: na hilo neno nalo lipate mtu.

Usiku wa pili, mbili na saba.
Wa tatu, tatu na sita.
Wa nne nikasimamisha gurudumu kwa kiganja,
nikahesabu kwa pini juu ya kitambaa:
nne kwa dada,
tano kwa kaka.
Tisa. Jana tisa. Juzi tisa.
Mmoja akipanda, mwenzake anashuka,
hawalingani hata usiku mmoja,
na kichochoro hakipungukiwi.
Wao hawajui. Kila mtu dirishani kwake
huona za mwenzake tu, na kukunja uso.

Usiku wa sita Yokebedi alifuata zipu. Nikamwambia.
"Tisa si hesabu yetu," akasema, "sisi tuna nane."
Akalipa, akasahau chenji, hakurudi kuichukua.
Asubuhi alimtuma mtoto wangu
avushe sufuria, maharage bado ya moto,
aseme imetoka kwangu.
Hanania alionja, akauliza
tangu lini Mchaga anatia hulba.

Sikujibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Usiku wa nane mvua ilishuka kutoka Meru,
kisha, saa tatu hivi, umeme ukarudi
na mtaa mzima ukapiga vigelegele.
Nikazima balbu yangu nipate kuona.
Nane. Na ile moja,
ndogo, imejikunyata kama mtu aliyekubali kubaki.

Fuawe iko kwangu, chini ya meza ya kukatia.
Waliniachia mpaka watakapopatana.
Nzito, haisogei.
Nakandamizia pindo.