Ng'ombe wa Thirza

Mwalimu aliandika ubaoni sababu nne:
makaa ya mawe, mto wenye kasi,
chuma, na mikopo ya riba ndogo.
Tukanakili. Wino ukakauka.
Nje mvua ilinyesha
kama inyeshavyo Lancashire tangu Nuhu,
nayo hakuitaja,
ingawa ni unyevu ule ule
uliozuia uzi wa pamba usikatike.

Wala hakumtaja Thirza Hallam, mama yake bibi yangu.
Alikuwa na ng'ombe mmoja, mwekundu, mwenye pembe iliyovunjika,
akimlisha kwenye uwanda wa kijiji
ambao haukuwa wa mtu, ukawa wa wote.
Masika moja akaja mpima ardhi na mnyororo wake.
Tangazo likapigiliwa mlangoni pa kanisa.
Thirza hakujua kusoma.
Ng'ombe naye hakujua.

Majani yalipopukutika alishamuuza,
akauza na kishamba alichogawiwa,
maana gharama ya kukizungushia ua
ilikizidi chenyewe.

Akashuka bondeni.

Wahenga wanasema mkono mtupu haulambwi.
Bwana Ollerenshaw aliulamba.
Alijenga ghorofa tano kando ya maji
akaingoja mikono mitupu, hiyo tu,
kwa kuwa mkono ulioshika kamba ya ng'ombe
hauitiki kengele ya saa kumi na moja alfajiri.

Bibi yangu naye, miaka saba,
akatambaa chini ya mtambo kuokota mabaki,
mwembamba, mwepesi,
sababu nyingine isiyo na namba.

Na siku moja Thirza, akifungua robota la pamba,
alikuta katikati yake kitambaa kilichoviringwa
kwa umbo la kidole,
kigumu kwa damu kavu,
kimevuka Atlantiki
kutoka kwa mtu asiyejua mshahara.
Akakitia mfukoni. Msimamizi alikuwa akitazama saa.

Nikanyosha mkono. "Mwalimu, na ng'ombe je?"
Darasa likaangua kicheko.
Hata yeye alicheka, akafuta ubao,
vumbi la chaki likatua mabegani mwake
kama lile la pamba,
lile lililomkohoza Thirza hadi kaburini.

Kitambaa ninacho mimi sasa,
ndani ya kopo la ugoro la babu.
Kila nikifungua daftari lile la shule
nakiweka juu ya ukurasa, nakisogeza
kutoka makaa hadi mto,
kutoka chuma hadi mkopo,
na kote ninapokiweka
kinafunika neno.