Maneno Mawili ya Baba

Baba yangu, Burl Trantham, fundi wa pampu za visima
kwenye milima ya Karolina Kaskazini,
hakuwahi kusema "naweza" likiwa peke yake.
Ukimwuliza, Utakuja Jumapili? Utaiinua hii injini?
alikuna sikio kwa mpini wa bisibisi, akajibu:
*I might could.*
Huenda, halafu ningeweza.
Vitenzi viwili vimekaa kiti kimoja
wala kimoja hakimwambii mwenzake sogea.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimerudi na cheti cha sarufi
chenye muhuri wa wilaya.
Nikamwambia mezani, mbele ya shangazi Ottie,
mbele ya maharage na mkate wa mahindi:
Baba, moja linatosha. Chagua.
Akaweka kijiko chini taratibu, kama kitu cha kuazima.
"Labda," akasema.
Na mwaka ule wote ikawa labda, labda,
neno jembamba, halina hata mfuko wa kutia mkono.

Nikahamia Ohio. Kazi yangu ni kusahihisha
vitabu vya maelekezo: majokofu, mashine za kukata nyasi.
Kule nako wana yao.
Bi Kowalczyk wa dawati la pili, mzaliwa wa Youngstown,
husema gari lake "linahitaji limeoshwa",
kana kwamba maji yalishapita na yeye hakuambiwa.
Nilicheka. Kisha nikakata.
Miaka ishirini na mbili nakata.
Wino mwekundu haujui shikamoo.

Machi ile damu ikaganda upande wa kushoto wa kichwa chake.
Hospitali ya Asheville, ghorofa ya nne. Daktari kijana
wa Boston, adabu tele, viatu vipya, akamwuliza:
Mzee Trantham, mkono wa kulia unaweza kuuinua?
Mdomo umepinda, lakini yalitoka yote mawili.
*I might could.*
Daktari akaandika: Anaweza.

Nikasimama.
Hapana, nikasema, hajasema ndiyo.
Wala hajasema hapana.
Anasema, usinitegemee, na usinifute.
Anasema nguvu anazijua zinapokaa,
ila hana hakika kama leo zimeshinda nyumbani;
mngojeni abishe hodi.
Nilikuwa nawatafsiria Kiingereza wenye Kiingereza,
na uso uliniwaka,
maana mkalimani yule ndiye aliyesema: Chagua.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili.
Nikaitoa kalamu mkobani
nikachora ile alama ya kuingiza neno lililosahauliwa,
mdomo wa kifaranga unaotazama juu,
alama ambayo maisha yangu yote
nimeitumia kidogo kuliko mstari wa kufuta.
Juu yake nikayaandika yote mawili.
Daktari akatazama, akafungua kinywa, akaacha.

Mkono ulipanda hadi pindo la blanketi,
ukatetemeka, ukakaa hapo.
Baba aliutazama kama pampu ya jirani
iliyoletwa bila kuelezwa ina kasoro gani.
"Kesho," akasema.
Akafikiri kidogo,
akaliongezea lile neno mwenzake.