Kilo Arobaini na Sita

Saa tano usiku ofisi ya ushirika, hapa Kasese, hubaki yangu.
Kahawa imelala maguniani, mlinzi Thembo kaegemea rungu lake,
nami nawasha vidole visivyo na mtu.

Skripti ya mistari mia mbili. Kazi yake kujifanya Biira,
karani wetu wa mizani: andika jina, ruka kisanduku,
andika kilo, bonyeza Enta, ngoja risiti.
Biira huandika kwa vidole viwili na nusu
(cha nusu kilibanwa na mlango wa stoo),
na akifika kwenye jina la mdaiwa hutulia, huguna.
Skripti yangu haimgunii mtu.

Mwanzoni ilikwenda mbio mno.
Dirisha halijafunguka, herufi zimeshamwagika;
Bwambale akaingia wambale, kisha ambale, kisha e.
Nikaifundisha subira kwa milisekunde,
mia tatu kila kitufe, elfu nzima kila dirisha.

Halafu alama ya asilimia.
Nilitaka iandike riba, kumi na mbili kwa mia;
kumbe katika lugha ya skripti alama ile si alama,
ni kushikilia kitufe cha Alti.
Menyu zikatawanyika kama kuku walioona mwewe
mpaka nilipoifungia ndani ya mabano yenye viuno.

Na majina! Sisi huitwa kwa foleni ya kuzaliwa:
msichana wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho.
Daftari lina Masika mia moja na kumi na tisa,
na mashine isiwachanganye, kila mmoja na gunia lake.

Jumanne nilisahau dirisha moja wazi.
Barua pepe kwa kaka yangu Muhindo, aliyeko Doha,
niliyoianza tulipomzika baba bila yeye:
jina lake, mkato,
halafu miezi kumi na minne.
Nikatoka kununua rolexi kwa kijana wa stendi.
Skripti ikaamka kwa saa yake, ikatazama mbele.
La, haikutazama. Hiyo ndiyo kasoro.
Herufi huliendea dirisha lililo mbele, liwe la nani.

Muhindo,
MASIKA KILO 46 DENI 0
MASIKA KILO 31
MASIKA

kisha Kontroli na Enta, ilivyozoea kuhifadhi risiti.
Ikaenda.

Ripoti ya asubuhi: jaribio limefeli, makosa mia nne na kumi.
Na pembeni, jibu la saa tisa usiku:
Huyu Masika ni mama? Kilo arobaini na sita za nini?
Bado anavuna peke yake ule mteremko wa juu ya Nyamwamba?
Goti lake je?

Nimerekebisha. Sasa kabla ya kila kitufe
skripti huuliza, ni dirisha gani liko mbele?
Jina lisipolingana, inanyosha mikono juu, inaacha.
Biira amefika, ametua kikombe cha chai juu ya mizani,
gramu mia nne, anacheka.

Nami naandika mwenyewe, herufi moja moja,
polepole kuliko subira yoyote niliyowahi kuipa mashine:
Goti linauma. Kilo ni thelathini na nane.
Zile arobaini na sita nilizibuni, za majaribio.