Jumamosi, Walukuba

Miezi mitatu nilipika kikombe kimoja cha mchele
na bado kikabaki.
Kisha Kagoya wa mlango wa pili akaja kuazima chumvi,
akakaa hadi saa tano usiku.

Siku hizi, ikifika Jumamosi, sahani hazitoshi.
Afeku hulia chakula chake kwenye kifuniko cha sufuria,
watoto sinia moja, wakigombania ukoko.
Mama Tibita huleta sambusa sita,
hutangaza kumi.

Leo kaka amepiga simu kutoka Arua.
"Kelele gani hizo? Uko wapi?"
"Nyumbani," nikasema.
Mtandao ukasita, au yeye.
"Nyumbani wapi, Driciru?"

Kagoya akapaza sauti: karanga zinaungua!
Nikamwambia kaka
nitampigia.