Nyuzi za Uongo

Bachisio Mereu amekaa, kofia magotini,
viatu vimepanda na tope la milimani
hadi Sassari, ghorofa ya tatu,
na mimi, mshika kebo, namwona akiitazama kamera
kama kondoo atazamavyo mkasi.

"Itapita puani," anasema daktari Gavina Sotgiu,
"izunguke kilimi, ishuke,
isimame juu ya koromeo. Usimeze."
Hajazaliwa mtu wa kuambiwa usimeze
asimeze.

Ganzi. Kikohozi. Chozi, jicho moja tu.
Kisha skrini inafunguka: njia nyekundu, mbichi,
kidakatonge kimeinama mlangoni
kama bawabu aliyeshikwa na usingizi,
na chini yake nyuzi mbili nyeupe
zisizozidi ukucha wa dole gumba langu.

"Imba."
Haimbi.
"Besi haiimbwi peke yake," anasema kwa pua iliyozibwa.
"Besi ni sakafu. Nani husakafia
pasipo nyumba?"

Wao huimba wanne, duara, bega kwa bega.
Yeye sauti ya fahali. Kaka yake Efisio
alikuwa sauti ya kondoo, kavu, ya chuma,
hadi Novemba walipomzika.
Sasa husimama watatu, na lile pengo
hakuna anayelisogelea.

Daktari anaangalia saa. Utaratibu umeandikwa:
mwimbaji mmoja, irabu moja, sekunde nne, mara tatu.
Hakuna kifungu cha kaka.
Nikabana kebo kwapani, nikasogea
mpaka bega langu likagusa lake.
Mimi siimbi. Hata kanisani nachezesha midomo tu.
Akafumba macho.

Sauti haikutoka kinywani, naapa.
Ilitoka kwenye kiti, kwenye trei ya bati,
koleo zikaanza kutetemeka,
kikombe cha daktari kikatembea
upana wa kidole.

Picha elfu nne kwa sekunde:
sekunde moja ya wimbo, karibu dakika tatu za kutazama.
"Ona," daktari anasema, naye kashusha sauti
kama yuko ndani ya nyumba ya mtu.
"Nyuzi za kweli zinakutana, zinaachana.
Hizi za juu, nene, sisi wengine
huzibana tukikohoa, tukiinua gunia.
Kwake zinacheza. Za kweli mara mbili,
za juu mara moja. Mbili, moja.
Ndipo sauti inashuka oktava nzima
chini ya mahali mwili wake unapoishia."

"Hizo za juu zinaitwaje?"
Akasita.
"Nyuzi za uongo."

Bachisio akacheka hadi damu kidogo ikamtoka puani.
"Miaka arobaini na mmoja
nawaimbia maharusi, watakatifu, wafu,
kumbe nawadanganya!"
"Ni jina tu," daktari akasema, akimpa pamba.
"Walilitoa watu waliopasua shingo za maiti.
Maiti haimbi. Wakaona hazina kazi."

Kwenye skrini ya pili, sauti yake imelazwa
mistari juu ya mistari, kama vipago vya ngazi.
Akataka kusikia kila kipago peke yake.
Cha kwanza, mngurumo. Cha pili, yeye alivyokuwa kijana.
Cha tatu kikatoka chembamba, kikavu,
na mkono wake ukaruka juu
kama anayesimamisha basi.

"Huyo ni Efisio."

"Ni wewe," daktari akasema. "Hapo ndipo
kaka yako angeweka noti yake, ni kweli.
Lakini nyuzi za kweli zikiwa peke yake
mstari huu haupo. Unaletwa na zile nyingine."

Bachisio akavaa kofia. Akaivua.
Koridoni mgonjwa wa saa tano alikuwa akikohoa
na kahawa ilishaganda utando.

"Rudia hicho cha tatu," akasema.

Daktari akarudia.