Kishona Nguo

Suruali hii imeletwa jana na kijana wa Obunga,
zipu imekufa, pindo limefumuka.
Kabla ya kuitia kwenye mashine naichambua:
mbegu nyeusi, nyembamba, zenye meno mawili,
zimejishona toka kifundo hadi goti.
Hakuniambia alikopita. Suruali imesema.
Alikatiza kando ya reli, penye majani ya kiuno,
akiwa na haraka, au na mtu.

Kwa Kiswahili ni kishona nguo,
kwetu Koru ni onyiego.
Nayo fundi, nami fundi:
yeye hushona bila kutumwa,
mimi hufumua nikalipwa.

Palizi ikianza ndilo gugu la kwanza kung'olewa,
mvua ikinyesha ndilo la kwanza kurudi.
Dada yangu Akeyo hakulidharau.
Alichuma vilele kabla ya ua kufunguka,
akachemsha, akamwaga maji machungu,
akachanganya na kunde na maziwa.
Mboga ya njaa, majirani walisema,
kisha wakaja kuomba chumvi, wakakaa.
Tumbo likichafuka, majani yaleyale
kwenye kikombe cha bati kisicho na mkono,
unywe umefumba macho:
ladha ya kulamba kufuli la ghala.

Na siku Odera alipojikata panga ugokoni
katikati ya miwa,
damu ilitoka kana kwamba ilikuwa ikingoja.
Akeyo alitafuna huku mkono ukichuma mengine,
akatema kijani juu ya nyekundu,
akakandamiza, akahesabu hadi mia,
akakosea, akaanza upya.
Damu ikapunguza mwendo. Ikafikiri. Ikasimama.
Kovu lipo mpaka leo,
limepinda kama mshono wa mwanagenzi.

Hapo ningemaliza, sifa zikatosha.
Lakini kuna usiku mmoja wa masika
mama alipojifungua na damu ikakataa kukoma.
Akeyo alitoka na taa ya chemli
akarudi na leso imejaa majani.
Alitafuna hadi midomo ikawa kijani.
Alihesabu.
Trekta la miwa lilifika alfajiri, tela tupu,
injini ikinguruma uani.
Hatukuwa na haraka tena.

Tangu hapo sijamsikia akilitaja kwa jina.
Sasa ni mhudumu wa afya kijijini,
namba ya dereva wa ambulensi ameikariri kama sala.
Mjamzito akisema neno tu, hata kizunguzungu:
"Hospitali. Sasa hivi. Usiningoje mimi."
Ila mtoto akijikwaa njiani, goti likachubuka,
nimemwona akitazama kushoto, kulia,
kama mwizi wa mahindi,
kisha akainama ukingoni
akachuma matatu.

Leo sindano ya mashine imenipitia kidoleni.
Nyuma ya kibanda, hapa Kibuye, limeota, limechanua,
lakini maji ya mtaro huu nayajua yatokako.
Nimenawa kwa sabuni, nimefunga kitambaa,
nimeendelea na zipu ya watu.

Mbegu nilizochambua sikuzitupa.
Sijui kwa nini. Nimezitia kibatini,
kati ya vifungo vyeusi,
zisijulikane.